Bima ya nyumba inalipa nini na hailipi nini: mwongozo kwa sisi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe

Wadau, huku kwetu bima ya gari kila mtu anaijua na ya afya pia, ila ya nyumba wengi wanaisikia siku wameenda benki kuomba mkopo wakaambiwa lete hati na bima ya moto utakatiwa humu humu, mtu anasaini anaondoka zake. Mwezi wa tatu upepo unaezua bati au ukuta unalala ndo anaanza kutafuta karatasi, na anakutana na sentensi ambayo ilikuwepo tangu siku ya kwanza ila hakuna aliyemsomea. Inaniuma sana hii kitu maana nyumba kwa mtu wa kawaida ni akiba ya miaka kumi, kumi na tano, tofali moja moja, halafu inakwama kwenye karatasi za kusoma kwa jioni moja.

Kwa hiyo chukua mkataba wako kama unao, kama huna omba nakala kabla hujalipa chochote, kaa chini twende pamoja. Usijiulize tu "nyumba yangu ina bima?", jiulize ni kitu gani kimekatiwa bima, dhidi ya janga gani, na kwa shilingi ngapi. Ukipata mawili ukakosa moja bado unaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Hatua ya 1: Jua kwanza una bima gani

Hapa wanachanganya wengi mno. Mwenye mkopo wa benki mara nyingi ana bima mbili tofauti na yeye anadhani ni moja. Ya kwanza ni bima ya mkopo, hii inalipa deni ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu, haina habari na nyumba kabisa. Ya pili ni bima ya moto kwenye nyumba uliyoweka dhamana. Nyumba ikiungua leo ile ya kwanza haikusaidii hata senti, na ile ya pili jina la benki limeandikwa ndani yake, maana yake fidia inaanza kwa benki kumaliza deni lao, kinachobaki ndo chako.

Sasa angalia kitu kimoja hapo, bima imekatwa kwa thamani ya nyumba au kwa kiasi cha mkopo? Umekopa milioni 30, nyumba kuijenga upya ni milioni 90, bima ikawa ya milioni 30, wewe hauko salama, nitaeleza kwenye hatua ya 4 kwa nini.

Kwa ambaye hana mkopo anakata mwenyewe, kuna aina mbili utakazouziwa. Kuna bima ya moto na majanga yanayoambatana nayo, hii ni ya jengo (na vitu vya ndani ukitaka). Halafu kuna ile ya nyumba kamili, inakuja na vipengele vingi kwa pamoja: jengo, vitu vya ndani, vitu vya kubeba kama laptopu na kamera hata ukiwa nje ya nyumba, ajali ya mfanyakazi wa ndani, na dhima yako kwa watu wengine, mfano ukuta wako wa fensi ukimwangukia mpita njia. Ni vipengele, sio kitu kimoja, unalipia unachochagua, na usichokilipia hakipo hata kama kimeandikwa kwenye kijitabu. Kijitabu wanapewa wote sawa. Kinachokuhusu wewe ni ile karatasi yenye jina lako, anwani na viwango, hiyo ndo usome kwanza.

Na mpangaji asijidanganye. Bima ya mwenye nyumba inalipa jengo la mwenye nyumba. Wale vijana wa chuo cha MUST waliopanga Iyunga, godoro na laptopu zao hazimo humo labda wakate wenyewe bima ya vitu vya ndani, na kuikata bila kuwa na jengo inawezekana.

Hatua ya 2: Soma orodha ya majanga neno kwa neno

Bima nyingi za nyumba hapa nchini zinalipa majanga yaliyotajwa tu. Kama halikutajwa halilipwi, hata liwe kubwa namna gani. Ya msingi ni matatu: moto, radi, na mlipuko wa gesi ya kupikia. Mengine yanaongezwa, na ndo haya sisi wa nyanda za juu tunayahitaji kuliko hata huo moto wenyewe:

- Dhoruba na upepo. Huku bati linaezuliwa kila msimu, hakikisha neno lipo.
- Mafuriko. Mtu wa Kyela au Pawaga asisaini mkataba usio na hili. Na hata wa mjini aliyejenga karibu na mto, Ipogolo kwa mfano.
- Tetemeko la ardhi. Tuko kwenye bonde la ufa, wazee wa Rungwe wanajua ardhi inavyotikisika. Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.4, moja ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika, na watu wengi tunakumbuka Bukoba Septemba 2016 nyumba zilivyolala.
- Kugongwa na chombo cha moto. Kama nyumba yako iko pembeni ya barabara ya TANZAM kwenye miteremko, Iwambi au Mbalizi huko, lori likifeli breki linakuja sebuleni. Ndiyo, bima ya lori inatakiwa ikulipe, ila kumfuatilia mwenye lori ni safari ndefu, ya kwako inakulipa halafu wao wanadaiana huko mbele.
- Kupasuka kwa mabomba na tanki la maji, vurugu na migomo, uharibifu wa makusudi wa watu.
- Wizi, na hapa subiri kwanza tuone masharti yake.

Mwingine ataambiwa na ajenti "hii ni full, inalipa vyote". Hakuna bima ya nyumba inayolipa vyote, haijawahi kuwepo.

Hatua ya 3: Ukurasa wa visivyolipwa, hapa tumia muda wako wote

Kama una uvivu wa kusoma soma huu tu.

Tuanze na kanuni inayobeba karibu kila kitu: bima inalipa kitu cha ghafla ambacho hukukitegemea, hailipi kitu kilichokuwa kinakuja taratibu unakiona. Mchwa kula kenchi, kutu kwenye bati, ukuta kupiga fangasi kwa unyevu, rangi kubabuka, nyufa zilizoanza kidogo zikapanuka mwaka hadi mwaka, panya kukata nyaya, vyote hivyo ni matunzo, ni mfuko wako. Huku Tukuyu mvua ni nyingi mno unyevu hauishi, usitegemee mtu wa bima akulipe dari iliyooza kwa bati linalovuja tangu mwaka juzi. Lakini upepo ukiezua bati usiku huu maji yakaingia yakaharibu dari na makochi, hiyo inalipwa kama dhoruba imo. Maji yale yale, dari ile ile, chanzo ndo tofauti.

Ujenzi mbovu nao haulipwi. Msingi haukufika kina, fundi alipunguza saruji, tofali za kuchoma zimejengewa udongo badala ya mota, ukuta ukianguka wenyewe bila upepo wala tetemeko, hapo hakuna janga.

Maporomoko ya ardhi na ardhi kuzama, jamani hili naomba tulisikie vizuri. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere likafunika nyumba pale Itezi, na miezi michache kabla, Desemba 2023, Katesh kule Hanang tuliona mlima ulivyofanya. Sisi tunajenga kwenye miteremko, Mbeya mjini nusu ya mitaa ni miteremko, na mikataba mingi inaondoa kabisa ardhi kuteleza, kuzama au kutitia. Mtu anaona neno mafuriko limo anafikiri tope pia limo, kumbe kwa mtu wa bima maji yaliyojaa na udongo ulioteleza ni vitu viwili tofauti. Kuna kampuni zinakubali kuongeza kipengele hiki kwa kulipia zaidi, zingine zikiona eneo zinakataa. Uliza kwa jina: maporomoko ya ardhi. Kama jibu ni hapana, bora ujue leo uelekeze hela kwenye mifereji na ukuta wa kuzuia udongo.

Moto wa porini. Hili watu hawaliamini mpaka waone. Mkataba wa kawaida wa bima ya moto mara nyingi unaondoa moto wa kuchoma msitu, nyika na kusafisha mashamba, yaani moto unaotoka shambani au msituni ukafika kwenye nyumba unaweza usilipwe mpaka kipengele cha moto wa porini kiongezwe. Mufindi, Njombe, Makete, sehemu zote zenye mipaini na miti ya mbao, na msimu wa Septemba Oktoba watu wanachoma mashamba upepo unavuma, huwezi kuacha hii. Omba kiongezwe, iwe kwa maandishi.

Umeme. Radi ikipiga ikaunguza tv, inalipwa maana radi imetajwa. Umeme ukikatika ukarudi na nguvu kubwa friji ikafa, mara nyingi hailipwi, wanaita hitilafu ya umeme ya kifaa chenyewe. Hitilafu hiyo hiyo ikiwasha moto ukaunguza chumba, chumba kinalipwa.

Wizi: lazima kuwe na dalili za kuvunja. Kitasa kimeng'olewa, dirisha limekatwa nondo, bati limefunuliwa. Mlango uliachwa wazi mtu akaingia akabeba redio, hapana. Dada wa kazi au shemeji anayekaa hapo hapo akaondoka na tv, hapana. Na pesa taslimu hazimo au zimo kwa kiwango kidogo sana, kwa hiyo hela ya mpunga usiiweke chini ya godoro ukitegemea bima. Dhahabu na vitu vya bei kubwa navyo vina ukomo kwa kila kimoja, ukiwa na kitu cha gharama kitaje peke yake na bei yake.

Nyumba ikikaa tupu. Mikataba mingi inasema nyumba isipokaliwa siku 30 mfululizo, wizi na baadhi ya majanga mengine yanasimama. Wangapi wana nyumba Isyesye au Kihesa wenyewe wako Dar? Wangapi wanaenda kijijini msibani wanakaa mwezi na nusu? Toa taarifa kabla, na uliza mlinzi peke yake anahesabika kama mkaaji au la, wengine wanakubali wengine hapana.

Nyumba ambayo haijaisha. Sisi tunajenga kwa awamu, boma linakaa miaka mitatu bila madirisha, tunahamia chumba kimoja huku kingine hakijapauliwa. Bima ya nyumba ni ya nyumba iliyokamilika, jengo linaloendelea lina bima yake ya ujenzi. Ukilikatia ya kawaida bila kusema, umelipa bure.

Vingine kwa haraka: vita na nyuklia havilipwi popote, kuchoma mwenyewe kwa makusudi ni jinai, gari na pikipiki iliyopaki uani ina bima yake, ng'ombe na kuku wana bima ya mifugo, na kiwanja chenyewe hakikatiwi bima hii. Ila moto uliotokana na kusahau jiko la mkaa sebuleni kwenye baridi la Juni, huo kwa kawaida unalipwa, kusahau sio kukusudia. (Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua kwa hewa yake kabla hata ya moto, tafadhali litoeni nje mkimaliza.)

Hatua ya 4: Weka kiwango sahihi

Kiwango unachotakiwa kuandika ni gharama ya kuijenga nyumba hiyo upya leo, kuanzia kutoa kifusi, msingi, tofali, bati, mbao, ufundi, mpaka rangi. Sio bei ya kuiuza, maana bei ya kuuza ina kiwanja ndani yake na kiwanja hakiungui. Sio hela uliyotumia mwaka 2012 pia, saruji na bati za mwaka ule sio za leo.

Ukiandika kidogo ili ulipe ada ndogo unakutana na kanuni ya wastani. Tuseme kujenga upya ni milioni 120, wewe ukakata bima ya milioni 60. Moto ukaunguza jiko na chumba kimoja, hasara milioni 20. Unafikiri watalipa 20 maana iko ndani ya 60? Hapana, watasema ulikata nusu kwa hiyo tunalipa nusu, milioni 10. Halafu wanatoa eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kila dai, tuseme laki tano, unabaki na milioni tisa na nusu. Nusu nyingine uliibeba mwenyewe kwa hiari yako bila kujua, na ndo maana nilisema bima ya kiasi cha mkopo peke yake ni hatari.

Na ukiandika kubwa kupita haupati zaidi, wanalipa hasara halisi tu. Kwa hiyo mtafute fundi wa uhakika au mkadiriaji majenzi akupe BOQ, yaani mchanganuo wa vifaa na gharama za ujenzi, weka na fensi, geti, kisima, tanki, paneli za sola na choo cha nje, vitaje, usipovitaja watasema havimo. Uliza pia kama wanalipa kitu kipya kwa kitu cha zamani au wanakata uchakavu kwanza. Kwa bati la miaka 15 tofauti ni kubwa sana.

Hatua ya 5: Fomu ijaze kwa ukweli, na ujaze wewe

Usimwachie ajenti ajaze halafu wewe usaini. Bima inasimama kwenye ukweli, ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wao wana haki ya kukataa dai zima. Na ya kwetu yanayofichwa nayajua: fremu ya mbele inayouza mitungi ya gesi au petroli ya kwenye chupa, stoo imejaa mbolea na dawa za shamba, gunia za mahindi, nyumba ya familia imegeuzwa vyumba vya wanafunzi, kuta ni tofali mbichi zilizopigwa lipu ya saruji. Semeni. Ada itapanda kidogo au watakataa, vyote ni nafuu kuliko kukataliwa baada ya moto. Mkibadilisha matumizi katikati ya mwaka pia semeni siku hiyo hiyo, msisubiri kuhuisha.

Kuhusu umiliki, sio lazima hati kubwa, leseni ya makazi au nyaraka za mauziano zilizopitia serikali ya mtaa nazo zinaweza kuonyesha una maslahi na nyumba hiyo, kila kampuni ina msimamo wake. Nyumba ya urithi ambayo mirathi haijafunguliwa ndo inasumbua, malizeni mirathi kwanza.

Hatua ya 6: Uliza kwa maandishi, hakiki, ndo ulipe

Mtumie wakala ujumbe, hata wa WhatsApp, mfano hivi: "Habari kaka, naomba unijibu kwa maandishi kabla sijalipa. Nyumba yangu iko kwenye mteremko, je maporomoko ya ardhi yamo? Moto wa porini umo? Tetemeko na mafuriko yamo? Eksesi ya kila moja ni kiasi gani? Nisipokuwepo siku 40 itakuwaje?" Wakala mzuri atajibu swali kwa swali na kukutajia kipengele. Akikuambia "usijali mama, tutaongea", tafuta mwingine.

Kampuni, broka au wakala lazima awe amesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, wana ofisi ya kanda yetu hapa Mbeya. Bima ikishatolewa unaweza kuihakiki kwenye mfumo wao wa TIRA MIS, usipoiona humo karatasi uliyonayo haina kazi. Lipa kwa kampuni upate risiti, sio kwenye simu ya mtu binafsi. Na bila ada kulipwa hakuna kinga, ahadi ya "nitamalizia mwezi ujao" haikulindi, na juu ya ada kuna VAT, isikushtue.

Hatua ya 7: Likitokea

Watu kwanza. Zimamoto ni 114, polisi 112. Wakishatulia wote, piga simu kampuni au wakala siku hiyo hiyo, halafu fuatilia kwa maandishi, mkataba unataja muda wa kutoa taarifa na muda huo ukipita wanapata sababu.

Piga picha na video za kila kona kabla hujafagia. Usibomoe, usitupe friji iliyoungua, subiri mkadiria hasara aje aone kwa macho yake, lakini pia usiache hasara iongezeke, bati likiezuliwa funika na turubai, tunza risiti ya turubai nayo idai. Kwa moto chukua ripoti ya Zimamoto, kwa wizi RB ya polisi, kwa upepo na mvua kubwa barua ya mtendaji inasaidia na wanaweza kuomba taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Orodha ya vitu na risiti zake, picha za kabla, vyote hivi kama vilikuwa kwenye simu iliyoungua ni tatizo, kwa hiyo leo hii tembea chumba kwa chumba na kamera, tuma video kwa ndugu aliye mji mwingine au weka kwenye barua pepe.

Wakikuletea hati ya malipo ya mwisho usome kiasi kabla ya kusaini, ukisaini kwamba umeridhika umefunga mjadala. Omba mchanganuo: hasara wameikadiria kiasi gani, uchakavu wamekata kiasi gani, wastani kiasi gani, eksesi kiasi gani. Makosa ya hesabu yapo, na fundi wako akija na makadirio yake unaweza kubishana kwa namba.

Wakikataa kabisa, omba barua inayotaja namba ya kipengele walichotumia, sio "dai lako halijakidhi vigezo" tu. Fungua mkataba wako kwenye kipengele hicho, soma chanzo walichoandika, linganisha na ripoti ya Zimamoto au ya mtendaji. Kama wameandika ardhi iliteleza na wewe una picha za mto umejaa mpaka dirishani, hiyo ndo hoja yako, iandike, peleka kwanza kwa kampuni yenyewe ngazi ya juu. Wakikaza, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, na TIRA kanda wanaweza kukuelekeza namna ya kupeleka lalamiko bila kuanza na wakili. Beba nakala, sio karatasi halisi, na kila mahali unapoacha nakala omba wagonge muhuri wa kupokea na tarehe kwenye ile inayobaki kwako.